Kidonge cha Mzee Mapigo: Safari ya Daktari Bramah Singh na Dawa za Kutuliza Moyo

Ndugu Mhariri aliponikumbusha kwamba jarida la Jumuiya yetu linakaribia kwenda mtamboni, na kwamba bado nadaiwa makala niliyoahidi tangu mkutano uliopita, nilikuwa nimekwisha kuchagua jambo la kuandika. Sikulipata vitabuni kwanza. Lilinijia mwaka 2022 kibarazani kwa mzee mmoja, ambaye wengi wenu mliopita hapa katika miaka ya 1980 na 1990 mtamtambua mara moja nikimtaja kwa jina tulilompa wenyewe: Mzee Mapigo.

Alitufundisha Biolojia. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, alitutoa darasani tukauzunguka uwanja wa mpira mara mbili, kisha akatusimamisha chini ya mwembe, kila mmoja ameshika kifundo cha mkono wa mwenzake. Akatazama saa yake na kusema, "Hesabuni." Dakika ilipokwisha, mwanafunzi mmoja akajibu kwamba moyo wa mwenziwe unakwenda mbio sana. Mwalimu akamkatiza: "Usiniambie unavyodhani. Niambie umehesabu ngapi."

Basi mwaka huo wa 2022 nilikwenda kumwamkia nyumbani kwake, amekwisha kustaafu siku nyingi. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Kaa." Kabla sijaulizwa habari za watoto, akaninyoshea mkono wake na kusema, "Hesabu." Nikahesabu mapigo 64, yamepangika vizuri. Akaniambia kwamba mwaka mmoja nyuma moyo wake ulikuwa ukidunda kama matone ya mvua ya kwanza juu ya bati, mara haraka, mara kimya, na kwamba kilichoutuliza ni kidonge. Akanionyesha: amiodaroni, miligramu 200. Kisha akanitazama kama alivyokuwa akitutazama darasani. "Wewe ulisoma Historia Chuo Kikuu. Niambie, kidonge hiki kimetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi si daktari, ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni mipango na takwimu. Lakini aibu ya kutojua swali la mwalimu haina umri, na ndiyo iliyonipeleka maktaba. Yafuatayo ndiyo majibu niliyompelekea, na mwishoni nitaeleza kwa nini majibu hayo yalikuja kuwa na faida kuliko tulivyotazamia sisi wawili.

MOYO NI MCHAKAMCHAKA

Ndugu wanafunzi mliopo sasa mnaujua mchakamchaka wa alfajiri. Kiongozi anaimba, safu ya kwanza inaitika, safu ya pili inaipokea, mpaka nyuma kabisa. Moyo nao ndivyo unavyokwenda. Katika chumba cha juu upande wa kulia limo fungu dogo la seli ambalo ndilo kiongozi. Linatoa mshituko mdogo wa umeme, na mshituko huo unapita kutoka seli hadi seli, na kila seli inayoupokea inajikaza. Kwa mapigo 70 kwa dakika, kazi hiyo hufanyika zaidi ya mara 100,000 kwa siku.

Jambo la kuzingatia ni hili: kila seli ikishaitika, hupumzika kidogo, na wakati wa mapumziko hayo haisikii mwito mwingine. Mapumziko hayo ndiyo yanayolinda nidhamu ya safu. Yakiwa mafupi mno, au pakiwa na kovu mahali fulani katika msuli wa moyo, mwito unaweza kuzunguka na kurudi nyuma, ukawakuta walioitika mwanzo wamekwisha kuwa tayari, nao wakaitika tena. Hapo panakuwa na nyimbo mbili katika mchakamchaka mmoja. Vyumba vya juu vikishikwa na hali hiyo, hutetemeka badala ya kupiga, na mtu huweza kuishi nayo kwa miaka, ingawa damu iliyotuama humo yaweza kuganda, na donge likachukuliwa hadi kwenye ubongo likampoozesha. Vyumba vya chini vikishikwa nayo, mtu huanguka na kufa kwa dakika chache.

KWININI NA SUMU YA MISHALE

Dawa za kwanza za ugonjwa huu hazikutoka katika maabara. Mwaka 1912 alifika kwa daktari Mholanzi, Karel Wenckebach, mfanyabiashara mmoja ambaye moyo wake ulikuwa ukienda mrama mara kwa mara. Wenckebach alimwambia kwamba hana la kumfanyia. Mgonjwa akajibu kwamba yeye mwenyewe anayo dawa, maana alipokuwa katika nchi za malaria alizoea kumeza kwinini, na gramu moja ya kwinini huuweka sawa moyo wake. Kesho yake alirudi, na mapigo yake yamepangika. Wenckebach hakumcheka, aliandika habari hiyo. Mwaka 1918 Walter Frey wa Ujerumani alionyesha kwamba kwinidini, nduguye kwinini aliyemo katika gome lile lile, ina nguvu zaidi. Mti wa gome hilo ulipata kupandwa hata kwetu, Amani, katika milima ya Usambara.

Upande wa pili wa habari hii uko karibu nasi zaidi. Wawindaji wa Afrika Mashariki, Wakamba, Wagiriama, Waliangulu na wengineo, walikuwa wakipaka mishale yao utomvu uliochemshwa wa mti wa msunguti. Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa Arnaud alitenga sumu kutoka katika mti wa jamii hiyo hiyo, na sumu hiyo ikaitwa wabaini kwa jina ambalo Wasomali waliuita mti huo. Kadhalika Dokta John Kirk, aliyekuja kuwa Balozi wa Uingereza Unguja, aliwahi kugundua katika safari ya Zambezi pamoja na Livingstone kwamba mapigo yake yameshuka kwa sababu mswaki wake uligusana na sumu ya mishale ya huko. Sumu hizi kwa kipimo kidogo huutia moyo nguvu, na kwa kipimo kikubwa huvuruga mapigo yake na kuua. Ndugu msomaji, usiusahau msunguti, tutakutana nao tena Oxford.

KIJANA WA FIJI

Bramah Singh alizaliwa Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambako Waingereza walianza kuwapeleka Wahindi mwaka 1879 kulima miwa, kama walivyowaleta wengine huku kwetu kujenga reli. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kisha akaenda Oxford kufanya utafiti chini ya Miles Vaughan Williams.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Walichukua kipande chembamba cha msuli wa moyo wa sungura, wakakiweka hai ndani ya maji yenye chumvi na hewa, kisha wakachoma seli moja kwa sindano ya kioo ambayo ncha yake haionekani kwa macho. Kwa sindano hiyo waliweza kuona umeme wa seli ukipanda na kushuka katika kila pigo, na kupima muda wake.

Vaughan Williams alikuwa akizipanga dawa za moyo katika makundi, siyo kwa majina ya viwanda bali kwa kazi inayofanywa na kila moja ndani ya seli. Kundi la kwanza, pamoja na kwinidini, huziba njia ambamo sodiamu huingilia na kuanzisha mshituko. Kundi la pili hupunguza nguvu ya adrenalini. Mwaka 1970 Singh na mwalimu wake walichapisha uchunguzi wa dawa mbili ambazo hazikukaa vizuri katika makundi hayo.

Ya kwanza ilikuwa ikiitwa MJ 1999, ambayo leo ni sotaloli. Ilijulikana kama dawa ya kuzuia adrenalini, lakini Singh aliona kwamba vile vile huurefusha muda wa umeme wa seli. Ya pili ni amiodaroni, hii hii ya Mzee Mapigo.

Amiodaroni haikutengenezwa kwa ajili ya mapigo hata kidogo. Chanzo chake ni mmea wa Misri ambao mbegu zake zilitumika tangu kale kwa maradhi ya mawe ya figo. Huko Kairo, mwanasayansi Gleb von Anrep aliona mwaka 1946 kwamba mfanyakazi wa maabara yake, aliyekuwa akitumia dawa ya mmea huo kwa maradhi mengine, alipata nafuu ya maumivu ya kifua. Wanakemia wa kampuni ya Labaz nchini Ubelgiji wakaifuata njia hiyo, na mwaka 1961 wakapata amiodaroni, ikauzwa Ulaya kuwa dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha.

Singh aliwapa sungura dawa hiyo kila siku kwa majuma sita, ndipo akapima. Muda wa umeme wa seli ulikuwa umerefuka sana. Yaani mapumziko yale ya mchakamchaka yalikuwa yameongezwa, na mwito potofu ukirudi unakuta hakuna wa kuitika. Hili likawa kundi la tatu. Swali likafuata: dawa hii ina madini joto mengi, je, si madini joto yenyewe yanayofanya kazi? Wakawapa sungura wengine madini joto peke yake, na hakikutokea kitu. Lakini waliandika pia kwamba moyo uliopewa amiodaroni unafanana na moyo wa mnyama ambaye tezi yake ya shingo haifanyi kazi. Shikeni neno hilo.

Mwaka 1972 wakaongeza kundi la nne, la dawa zinazozuia kalsiamu, kwa kuichunguza verapamili. Na moja ya mitihani waliyoipa verapamili ilikuwa ni kuona kama itawalinda wanyama na mapigo mabovu yaletwayo na wabaini. Ndiyo sumu ya mti wa Kiafrika, imefika Oxford kuwa mtahini.

MSTARI MZURI, MTU MFU

Singh alihamia Los Angeles, akafundisha katika Chuo Kikuu cha California na kutibu katika hospitali ya askari wa zamani. Wakati huo huko Argentina daktari Mauricio Rosenbaum alikwisha kuonyesha, mwaka 1976, kwamba amiodaroni hutuliza wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa. Serikali ya Marekani iliiruhusu Desemba 1985.

Hata hivyo madaktari wengi wa miaka ile walitegemea zaidi dawa mpya za kundi la kwanza. Hoja yao ilionekana haina kasoro. Mtu aliyepona shambulio la moyo, akiwa na mapigo ya ziada, yumo katika hatari kubwa ya kufa ghafla. Dawa hizi huyafuta mapigo ya ziada. Kwa hiyo dawa hizi humwokoa. Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ilitoka safi, mstari umenyooka, na kila mtu akaridhika.

Likafanyika jaribio kubwa lililojulikana kwa herufi CAST. Wagonjwa walichaguliwa ambao mapigo yao ya ziada yalikwisha kuonekana kutulizwa na dawa. Baadhi walipewa flekainaidi au enkainaidi, na wengine kidonge kinachofanana nazo kisicho na dawa ndani, bila daktari wala mgonjwa kujua nani kapewa kipi. Aprili 1989 ilibidi sehemu hiyo ya jaribio isimamishwe. Hesabu kamili iliyochapishwa mwaka 1991 ilikuwa hivi: kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa, walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa kidonge kitupu, walikufa 26.

Nilipozisoma namba hizo niliweka kalamu chini. Mapigo ya ziada yalifutika kweli. Mstari ulinyooka kweli. Na watu walikufa zaidi ya mara mbili. Kabla ya hapo dawa za namna hiyo zilikuwa zikiandikwa kwa nia njema kabisa, na madaktari waliosoma, kwa wagonjwa waliowashukuru.

Singh alikuwa miongoni mwa waliosema kwa nguvu kwamba njia ya kundi la kwanza imefika mwisho kwa wagonjwa wa namna hiyo, na kwamba matumaini yako katika kurefusha mapumziko ya seli. Lakini historia haikumpa ushindi wa bure. Mwaka 1996 yalitoka matokeo ya dawa iliyotokana na sotaloli, ambayo kazi yake ilikuwa kurefusha mapumziko hayo tu bila kingine. Kati ya 1,549 walioitumia walikufa 78, na kati ya 1,572 wasioitumia walikufa 48. Mapumziko yakizidi mno, nayo huzaa vurugu yake. Amiodaroni yenyewe, katika jaribio la wagonjwa 2,521 wenye udhaifu wa moyo lililochapishwa mwaka 2005, haikupunguza vifo kuliko kidonge kitupu. Kilichopunguza ni chombo kidogo cha umeme kinachopandikizwa kifuani.

Mwaka huo huo wa 2005 Singh aliongoza uchunguzi wa wagonjwa 665 ambao vyumba vyao vya juu vya moyo vilikuwa vikitetemeka, yaani ugonjwa wa Mzee Mapigo. Safari hii swali lilikuwa la kiasi: siyo nani ataishi milele, bali moyo ukirudi sawa utakaa sawa kwa muda gani? Ukiwapanga wagonjwa kwa mfululizo na kumtazama wa katikati, waliopewa kidonge kitupu walikaa siku 6. Wa sotaloli siku 74. Wa amiodaroni siku 487. Hapo ndipo mahali halali pa kidonge kile, na ndiyo sababu daktari alimwandikia mwalimu wetu.

Singh alishiriki pia kuipima dronedaroni, iliyotengenezwa kwa kuiga amiodaroni bila madini joto. Mwaka 2007 alichapisha matokeo mazuri ya wagonjwa 1,237. Lakini mwaka 2008 jaribio jingine, la watafiti wengine, lilionyesha kwamba wagonjwa wenye udhaifu mkubwa wa moyo hufa zaidi wakipewa dawa hiyo, na ikaruhusiwa mwaka uliofuata kwa masharti. Singh alifariki mwaka 2014.

YALIYOMPATA MZEE

Sasa nirudi kibarazani. Nilipompelekea Mwalimu majibu yangu mwanzoni mwa 2023, nilimkuta amebadilika. Alikuwa amevaa sweta mchana wa jua kali, uso umevimba kidogo, sauti nzito, na maneno yanatoka polepole. Watu wa nyumbani walisema ni uzee. Yeye mwenyewe alisema ni uzee. Mapigo yake yalikuwa 48.

Nikakumbuka wale sungura na ile tezi ya shingo. Kila kidonge cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za madini joto, hali mtu mzima anahitaji miligramu 0.15 tu kwa siku. Sehemu kubwa haifunguki mwilini, lakini hiyo inayofunguka yatosha kuilemea tezi, ama ikalala, ama ikachachamaa. Dawa hii yaweza pia kudhuru mapafu, ini na macho, na hukaa mwilini kwa majuma mengi hata baada ya kuachwa. Kwa hiyo anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Nikamuuliza, "Mwalimu, tangu uanze dawa hii umepimwa tezi?" Akajibu, "Mapigo yangu yalipotulia waliniambia niko sawa, nirudi kuchukua vidonge tu."

Sitakitaja kituo hicho, wala sina hasira nacho. Nilimpeleka kwingine, akapimwa, na tezi ikaonekana imelala. Akaongezewa kidonge cha homoni ya tezi chini ya uangalizi wa daktari, na baada ya miezi michache sweta likarudi kabatini. Nawaomba wenye kutumia dawa hii wasije wakaiacha kwa kusoma makala ya karani. Kuiacha bila daktari nako ni hatari. La kufanya ni kuuliza: nitapimwa lini?

Nimelitafakari jambo hili sana nikiwa mezani kwangu kazini. Yaliyompata Mwalimu ni kosa lile lile la kabla ya 1989, katika sura ndogo. Mtu alitazama mstari akaridhika, hakumtazama mwenye moyo. Na sisi watumishi tunalifanya kila mwaka. Visima vilivyochimbwa tunavihesabu, na maji yanayotoka hatuyahesabu. Mafunzo yaliyotolewa tunayaandika, na kama kuna aliyejifunza hatuulizi. Taarifa hutoka safi, mstari umenyooka.

Ndugu wanafunzi, kati yenu watatoka madaktari, na tangu mwaka 2015 nchi yetu ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kwa hiyo si lazima mwende mbali kuyaona haya. Someni habari za Singh, siyo kwa sababu alikuwa sahihi siku zote, maana hakuwa. Someni kwa sababu alingoja majuma sita kabla ya kupima, na akakubali dawa aliyoitetea ipimwe kwa mizani ile ile iliyoziangusha dawa za wengine.

Mzee Mapigo ana miaka 81. Ameniagiza niwaambie kwamba, Mungu akipenda, atahudhuria mkutano wetu wa mwaka huu, na kwamba baada ya chakula cha mchana wote tutauzunguka uwanja mara moja, wenye vitambi wakitangulia. Mwembe bado upo. Saa atakuja nayo mwenyewe.